Riale ya Mzinga ya Bibi Redempta

Jumatatu, 9 Oktoba 2006

Nimesema. Neno limenitoka. Halirudi tena.

Mzee Francis, mzungu mwenyekiti wa klabu yetu ya sarafu, alinipigia simu leo nikiwa ofisini Golden Valley, kijiko cha wali mdomoni. Aliuliza kama Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye maonyesho yetu ya Saint Paul, nitashughulikia kahawa kama kawaida. Kama kawaida! Miaka minne nimo kwenye klabu hiyo na miaka minne namimina kahawa. Nahashon, Mkenya wa Inver Grove Heights, alijiunga nyuma yangu. Tayari ana meza, kitambaa cha meza na kadi yenye jina lake. Anaonyesha nini? Senti za tundu za Afrika Mashariki. Senti za tundu! Marehemu bibi yangu alizitunga kwenye uzi akamfunga mbuzi shingoni. Huku Wamarekani wanapanga foleni kuchungulia katundu.

Nikausikia mdomo wangu ukimwambia Mzee Francis kwamba mwaka huu kahawa atafute mwingine. Mimi naleta sarafu ya majaribio ya makoloni ya Hispania. Akauliza, taratibu, kama ni kweli. Nikasema kweli tupu. Akasema ananipa meza ya katikati.

Sarafu ya majaribio ni ile inayogongwa kwanza kiwandani, wakubwa waitazame kabla hawajaamua kama itoke kwa wananchi au iyeyushwe. Nyingi ziliyeyushwa. Zilizosalia, watu wenye akili timamu wanauza nyumba ili wapate moja.

Mimi sina. Lakini najua ilipo.

Jumanne, 10 Oktoba

Ipo Woodbury, ndani ya kopo la vifungo la Bibi Redempta.

Bibi Redempta ni mtu wa Tanga, anaishi na binti yake na mkwe wake. Ni Mkatoliki, ila anasali kwetu Walutheri kwa sababu ibada yetu ndiyo ya Kiswahili. Mwezi uliopita tulisali nyumbani kwao, kifungo cha shati la mchungaji kikadondoka, Bibi akaleta kopo lake. Humo ndani, kati ya vifungo, sarafu ya fedha tupu! Nguzo mbili za Kihispania zinaonekana wazi. Nikaigeuza. Ile herufi ya kiwanda, ambayo kila sarafu ya aina hiyo lazima iwe nayo pembeni, haipo. Haipo kabisa! Nimesoma vitabu, najua maana yake. Ni sarafu iliyogongwa kabla herufi haijaamuliwa. Ya majaribio! Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Mguu unatikisika chini ya meza mpaka wenzangu ofisini wamelalamika.

Leo jioni nikachukua mkasi, nikakata vifungo vyote vya koti langu, nikaenda Woodbury kuomba msaada. Mpango safi. Bibi atafungua kopo, mimi nitajitia kushangaa, nitasema hiki kisarafu kinafaa kuwa kifungo, nitampa kanga mbili, tumemaliza.

Bibi alifungua kopo. Nikajitia kushangaa. Akaniambia hiyo ni riale ya mzinga, ya babu wa babu yake aliyekuwa akiuza nazi na kamba kwa mabaharia. Nikamfahamisha kwamba ile si mizinga, ni nguzo. Akasema Wahispania waite watakavyo, kwao Tanga ni mizinga, na mzee wake hakuwa kipofu. Nikaleta hoja ya kifungo. Akanitazama juu ya miwani. Akasema Jumapili ni sikukuu ya mavuno, na yeye huku hana shamba. Boga la dukani si jasho lake. Kwa hiyo atatoa riale yake, inadiwe kanisani pamoja na mazao ya wenzake.

Kisha akanishonea vifungo vyote, vya rangi tofauti. Kimoja kina picha ya bata.

Jumatano, 11 Oktoba

Ikupa, mke wangu, ameliona koti. Ameuliza kama nimeanza kufundisha chekechea. Mtu mwenye mambo makubwa hajibu kila kitu.

Maana nimefikiri mchana kutwa na nimegundua hii ni bahati! Mnada wa kanisani! Nani pale anajua sarafu? Watu wanagombea mikungu ya ndizi na mayai. Riale itapita kama kijiko. Nitanyoosha mkono kwa uvivu, nitasema dola kumi ili kumpa Bibi moyo, na itakuwa yangu.

Kikwazo ni kimoja tu. Nahashon. Naye husali kwetu, na macho yake kwenye sarafu ni ya mwewe.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nahashon nimemmaliza! Nimempigia simu nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba ibada ya mavuno imesogezwa. Itaanza saa sita na nusu mchana. Kumbe huanza saa nne kamili kama siku zote. Akifika atakuta watu wanafagia.

Alinishukuru sana. Akasema aki Mungu ni mwema, alikuwa ameshakata tamaa, maana yuko shift ya usiku huko anakotunza wazee na haezi toka kabla ya saa tano. Sasa ata-drive moja kwa moja mpaka kanisani. Akaniita bro.

Nimekata simu nikiwa na furaha. Baada ya muda nikaanza kuhisi kwamba kuna hesabu sikuipiga vizuri. Nimeiacha.

Nikaenda pia kumwona Chacha, mzee wa kanisa, mtu wa Tarime, ndiye hunadi. Sauti yake haihitaji kipaza sauti. Nikamnong'oneza kwamba ile sarafu ya Bibi Redempta aiweke mwisho kabisa, pilau ikishaanza kunukia, watu wakiwa na haraka. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nina sababu zangu za moyoni. Akanishika bega, akaniambia amenielewa, niondoke bila wasiwasi.

Ana moyo mzuri, Chacha.

Jumapili, 15 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Mnada ulianza vizuri. Yai la kwanza lilinunuliwa na daktari mmoja wa Minneapolis, akalirudisha. Likanadiwa tena, likarudishwa tena. Ndivyo tunavyofanya tangu nyumbani: ukishinda unaweza kuchukua kitu chako, au ukakirudisha madhabahuni kinadiwe upya, kanisa lipate mara mbili. Yai lile liliuzwa mpaka likapata joto la mikono. Mimi nimetulia. Nimevaa koti la bata, kwa sababu lingine liko kwa dobi.

Pilau ikanukia. Chacha akainua riale juu. Badala ya kuipitisha haraka, akatoa hotuba! Akasema kitu hiki kimetoka kwa babu wa babu wa Bibi Redempta. Akasema yupo ndugu yetu mmoja aliyeguswa mpaka akamfuata yeye faraghani, akamwomba kiwekwe mwisho kama heshima, kwa sababu za moyoni. Elihuruma, simama!

Nikasimama. Ningefanyaje?

Waliposikia kwamba naitaka, wakaanza kunichokoza. Kuna raha gani kubwa kanisani kwetu kuliko kumpandishia bei mtu anayetaka kitu? Nilisema kumi, akina mama wakasema ishirini. Nikapanda. Wakapanda, wanacheka. Mwalimu wa kwaya, ambaye hajawahi kununua hata kitunguu, akapanda! Nilipofika kwenye pesa tuliyoweka kwa ajili ya matairi ya theluji, wakanihurumia wakaniachia.

Yangu! Chacha akaninyanyua mkono. Vigelegele! Kwaya ikaanzisha pambio. Mama mmoja akanivisha kanga mabegani. Bibi Redempta akafuta macho. Watu wote, ukumbi mzima, walikuwa wananitazama mimi. Miaka kumi na moja nipo jimbo hili. Sijawahi kutazamwa hivyo na watu wengi kwa pamoja. Ilinipanda kichwani, siwezi kuficha. Chacha akaniuliza, kama anavyomuuliza kila mtu, naichukua au nairudisha?

Nikasikia mtu anapaza sauti: Narudisha!

Mtu huyo alikuwa mimi.

Paa lilitaka kuondoka kwa vigelegele. Ikupa aliniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Nami nilisimama natabasamu, meno yote nje, mpaka ilipoingia akilini nilichofanya. Nikamwambia Chacha tuanze upya, naitaka tena. Ikupa akaushika mfuko wangu wa suruali kwa mkono wa chuma, akasema hayo matairi nimeshayanunua mara moja, sitayanunua mara mbili.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Nahashon. Sare za kazini bado mwilini, macho mekundu kwa usingizi, amewahi mnada wake barabara. Niliyemwelekeza ni mimi! Akauliza wanauza nini. Akaambiwa ni sarafu ya yule Bibi. Hata hakuja mbele kuiangalia. Akataja bei, kubwa, kama anaagiza chai. Hakuna aliyempandishia, maana wote walikuwa na njaa.

Imekwisha, nikasema moyoni. Kumbe alishaijua. Amenizidi kete.

Chacha akamuuliza anaichukua au anairudisha. Nahashon akasema hapana, amemnunulia Shosho, ndivyo anavyomwita Bibi, Shosho apewe kitu yake arudi nayo home.

Bibi akalia kwa sauti. Wote wakalia. Mchungaji alilia. Nilipiga makofi na mikono yangu ilikuwa baridi. Riale imerudi kwenye kopo la vifungo, Nahashon ni shujaa, na mimi nitapita msimu wa theluji kwa matairi ya kipara.

Pilau ilikuwa nzuri. Nilikula sahani mbili kwa hasira.

Jumanne, 17 Oktoba

Mzee Francis ametuma ratiba ya maonyesho. Jina langu lipo. Meza ya katikati. "Sarafu ya majaribio, makoloni ya Hispania, mali ya E. Mmbaga." Mali ya! Nimeisoma mara nyingi kuliko kazi niliyolipwa kuifanya leo. Bosi amepita nyuma yangu, nimegeuza kioo cha kompyuta nikampiga teke la bahati mbaya.

Nikienda mikono mitupu, nitamimina kahawa mpaka nizeeke. Tena watasema, yule ndiye aliyedanganya.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimejishusha. Nimeenda Woodbury nikamwambia Bibi Redempta ukweli, yaani sehemu yake. Nikasema kuna maonyesho, wazungu wanapenda vitu vya kale, aniazime riale siku moja.

Hakukataa. Alifurahi kama mtoto. Ila akasema kitu cha mababu hakiendi kwa watu peke yake. Atakuja nacho. Nimfuate Jumamosi asubuhi, na gari niliwashe mapema lipate joto, magoti yake hayapendi jimbo hili.

Sawa. Atakaa pembeni, atapewa biskuti. Nilimsihi kitu kimoja tu, kwamba asisumbuke kwa lolote. Akaniambia nisijali, mgeni haendi kwa watu na aibu.

Sikuuliza ana maana gani. Wazee wana misemo yao.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nilifika Woodbury. Bibi kapendeza, kanga mpya, mkufu, viatu vya Pasaka. Akafungua kitambaa anionyeshe.

Riale inang'aa! Inang'aa kama sinia la harusi! Ule weusi mtamu wa miaka mia mbili, ambao mkusanyaji anaulinda kuliko macho yake, umekwenda. Sarafu haioshwi! Mwanachama anayeosha sarafu hasalimiwi. Bibi akanieleza kwa fahari. Majivu ameyachota kwenye jiko la mkwewe la kuchomea nyama, akakamulia limau, akasugua kwa dodoki alilotoka nalo Tanga. Utapelekaje kitu kichafu mbele ya watu?

Nikakaa kwenye ngazi za nje. Akadhani nimeguswa. Akanipigapiga mgongoni.

Njiani nilikuwa natafuta la kumwambia Mzee Francis. Nilipofika Saint Paul nilikuwa nalo: baadhi ya sarafu za majaribio zilitunzwa na wafalme kwenye pamba. Ndiyo maana zinang'aa.

Meza ya katikati. Kadi yenye jina langu. Niliigusa. Meza ya jirani alikuwa Nahashon na kitambaa chake na senti zake za tundu, akanipungia mkono akaniita bro. Bibi nikamkalisha kando na biskuti. Mzee Francis akaja, na nyuma yake klabu nzima. Akatoa lenzi. Akainama.

Akasema herufi haipo. Akarudia kwamba herufi haipo! Watu wakasogea. Nikavuta tumbo ndani. Hayo ni mambo niliyoyaota miaka minne, na yalikuwa matamu kuliko nilivyoota.

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama sarafu hii imewahi kusafishwa. Nikajibu upesi. Kamwe.

Bibi Redempta alimwona mzungu amekunja uso juu ya riale yake. Akamvuta Nahashon shati, akamuuliza huyu baba anasemaje. Nahashon akamwambia anataka kujua kama imewahi kuoshwa, Shosho. Bibi akasimama. Biskuti zikaanguka. Kuoshwa? Anamwona yeye mtu mchafu? Kila Krismasi inaoshwa! Kila harusi, kila mgeni mkubwa akija! Aliosha yeye, aliosha mama yake, aliosha mama wa mama yake. Akaichukua mkononi mwa Mzee Francis awaonyeshe kazi inavyofanywa. Vidole viwili chini, gumba juu, unazungusha, unazungusha, kwa nguvu.

Gumba lake likatua palepale. Pale pasipo na herufi. Linaenea kabisa.

Ukumbi mzima ulilitazama gumba lile. Nahashon alitafsiri mpaka neno la mwisho, hakuacha hata limau. Mzee Francis akakaa chini, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema si ya majaribio. Ni sarafu ya kawaida, ziligongwa kwa malundo. Herufi ilikuwepo, akina mama wa Tanga wameila kwa majivu. Lakini maisha yake yote, akasema, hajawahi kushika sarafu iliyooshwa na familia moja kwa muda huo wote, na haibadilishi na ya majaribio hata kumi.

Basi ikawa sherehe. Wote wanataka kuliona gumba. Wote wanataka kusikia mizinga. Bibi akakaa kwenye kiti changu, Nahashon akakaa kwenye kiti cha pili kutafsiri, na foleni ikafika mlangoni. Bibi alisimulia nazi, kamba, mabaharia, na mgeni aliyetaka kuiiba akaumwa tumbo. Nahashon Kiswahili cha Tanga kilimshinda mara kwa mara, akawa anaruka. Niliona anavyoruka. Mimi ningetafsiri vizuri zaidi.

Chombo cha kahawa kilikuwa palepale, hakuna aliyekijali. Nikavaa aproni.

Bibi aliniita katikati ya watu. Mwanangu Eli, njoo ukae. Nikamwambia kahawa inaungua. Kahawa haikuwa inaungua. Niliumia, na sikutaka anione.

Jumapili, 22 Oktoba

Mzee Francis amepiga simu baada ya kanisa. Nilitegemea kufukuzwa. Kumbe mwakani wanamtaka Bibi Redempta tena, meza ya katikati. Na Bibi amesema haji mpaka Elihuruma akae kando yake kutafsiri, maana Kiswahili cha yule kijana wa Kenya kinampa kicheko. Kiti changu, kadi yangu, jina langu. Hakuna kahawa. Ikupa alikuwa anasikiliza, akaweka mkono kifuani. Akaninong'oneza nikubali, nikubali haraka, ndicho nilichokuwa nakililia miaka yote.

Mzee Francis angeniambia jana, ningekubali. Lakini leo asubuhi nimesimama kuweka mafuta, jirani na mashine ya kuoshea magari, na chini, kwenye kokoto, nimeona duara! Shaba nyeusi, imechakaa vizuri. Upande mmoja kuna chombo cha magurudumu na matone yanakidondokea. Gari la mfalme kwenye mvua, bila shaka. Upande wa pili hakuna mwaka, hakuna kiwanda. Kuna maandishi ya Kiingereza tu, kwamba kitu hiki hakina thamani ya fedha.

Nimesimama pale mpaka mwenye gari la nyuma akapiga honi. Hakina thamani ya fedha! Nani mwingine angeandika hivyo kama si kiwanda kinachofanya majaribio, wananchi wasije wakanunulia mkate? Kuhusu Kiingereza, nimelifikiria. Waingereza waliteka meli nyingi za Hispania.

Ikupa ameiangalia. Ameuliza kwa nini sikuitumbukiza kwenye mashine angalau nikaosha gari. Nimeifunga kwenye pamba, nimeificha mbali na limau.

Mzee Francis alikuwa bado ananisubiri kwenye simu. Nikamwambia kazi ya kutafsiri ampe Nahashon. Mimi aniandikie meza yangu, nzima, na kiti kimoja.